Nani Anavaa Kiraka?

Mafungu ya kujisomea: Yeremia 38:6–13, Mithali 31:13–23, Marko 2:21, Yohana 6:12, 13, Yohana 12:1–8, Matendo 9:36–42, 2 Wakorintho 8:9.

Nabii Yeremia alikuwa shimoni. Shimo lile halikuwa na maji, lilikuwa na matope, naye akazama ndani yake. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na mkate ulikuwa unakwisha mjini. Aliyekwenda kumtetea mbele ya mfalme hakuwa mwana wa Yuda. Alikuwa Ebed-meleki, Mkushi, mtu wa bara letu, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Sedekia akampa watu thelathini wamsaidie kumtoa nabii kabla hajafa.

Watu walikuwapo na kamba zilikuwapo. Mtu mwingine angekwenda shimoni moja kwa moja. Ebed-meleki alipitia kwanza mahali palipokuwa chini ya hazina ya mfalme, akachukua nguo zilizochakaa na matambara, akayashusha kwa kamba, kisha akamwelekeza Yeremia ayatie kwapani, kamba zipite juu yake. Ndipo wakamvuta.

Kwa nini Biblia, ambayo hupita haraka juu ya mambo mengi makubwa, ikasimama mistari miwili kueleza habari za matambara? Kwa sababu kuna mtu aliyefikiri juu ya makwapa ya mwenzake. Yeremia alikuwa amekonda kwa njaa, na kamba tupu ingemkata nyama. Katika nyumba ya mfalme matambara yale hayakuwa na thamani tena, lakini mkononi mwa mtu mwenye huruma yalifanya kazi ambayo dhahabu ya hazina iliyokuwa juu yake isingeweza kuifanya.

Juma hili tunataka kulitazama jambo la nyumbani kabisa: nguo kuukuu, na namna mkristo anavyozitumia, anavyozigeuza na anavyozigawa. Wengine watasema hili ni somo la akina mama. Tutaona kwamba sivyo.

Tunayoyajua sisi wa mpakani

Wilaya yetu ya Ileje inapakana na Malawi, na Mto Songwe ndio mpaka. Ukitoka Itumba kwenda Tunduma unafika mpaka wa Zambia. Kwa hiyo sisi tunazijua nguo za mitumba kwa majina matatu. Huku tunasema mitumba. Ndugu zetu wa Malawi wanasema kaunjika. Wazambia wanasema salaula, yaani kuchagua kwa kupekua rundo. Hata hivyo nguo ni zilezile: zimevaliwa Ulaya, Marekani au kwingineko, zikatolewa, zikachambuliwa, zikafungwa belo, mara nyingi la kilo 45, zikapanda meli.

Nyingi kati ya nguo hizo zilianza safari yao kama sadaka. Mtu aliyezitoa alidhani zinakwenda kumvika maskini bure. Baadaye zikauzwa kwa kilo, na kila aliyezishika akaongeza bei. Anayenunua belo Tunduma analifungua bila kujua kilichomo. Nguo za kwanza, zile zinazoonekana kama mpya, hupata wateja asubuhi hiyohiyo. Zinazofuata hushuka bei. Chini kabisa hubaki zenye madoa, zilizokatika zipu, sweta lenye matundu ya nondo, na suruali ya mtu mwenye kiuno ambacho hakipo wilaya nzima.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vipate nafasi, na pia kwa sababu ya heshima ya watu wetu. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikapinga, na mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuuza mavazi huko bila ushuru. Nchi nyingine, yetu ikiwamo, zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Watu wema wamebishana juu ya uamuzi ule, na si kazi ya somo hili kuuamua. Lakini mabishano yale yalifunua jambo moja: hata mtu anayeipenda mitumba kwa bei yake anajua moyoni kwamba kuna tofauti kati ya kupewa na kutupiwa.

Sisi tunaijua tofauti hiyo kwa vidole vyetu. Tumepekua mabelo ya watu wengine. Kwa hiyo Mungu anapotuuliza sisi nasi tunatoa nini, hatuwezi kusema hatukujua.

Swali lenyewe

Biblia inasifu kutunza. Baada ya kuwalisha watu elfu tano, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate hakuona aibu kuokota makombo. Yaonekana pia alikulia katika nyumba iliyojua kushona viraka, maana alieleza kwamba kipande cha nguo mpya kisichofuliwa kikitiwa katika vazi kuukuu, kitajikunja na kuliharibu zaidi. Kila fundi cherehani wa Itumba anajua hivyo: loweka na ufue kiraka kwanza, ndipo ushone.

Lakini Biblia hiyohiyo inaonyesha kubana matumizi kulikokuwa dhambi. Mariamu alipoimimina marhamu ya thamani ya dinari mia tatu, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, aliyelalamika kwamba fedha ile ingewafaa maskini alikuwa Yuda. Maneno yake yalikuwa mazuri. Mtu akiyasoma bila kujua ni ya nani, atadhani ni ya mwenyekiti wa kamati ya uwakili. Yohana anaeleza kwamba Yuda hakuwajali maskini; alikuwa anauangalia mfuko.

Basi kubana matumizi kwenyewe si wema wala uovu. Mchoyo hubana, na mcha Mungu hubana. Wote wawili huzima taa mapema, hugeuza shuka, huhifadhi vifungo kwenye kopo. Ukiwatazama kwa dirishani huwezi kuwatofautisha. Utawatofautishaje?

Napendekeza swali moja la kupimia, jepesi kiasi kwamba hata mtoto wa darasa la chekechea anaweza kulijibu: nani anavaa kiraka?

Ikiwa mimi ninavaa kiraka ili mwenzangu apate nguo nzima, huo ni uwakili. Ikiwa mimi ninabaki na nguo nzima na mwenzangu ndiye anayepelekewa kiraka, huo ni uchoyo, hata ukipita katikati ya kanisa ndani ya mfuko ulioandikwa “sadaka”.

Kwanza ndani ya nyumba

Tuanze kupima nyumbani, kabla hatujafika kanisani.

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1970 tunaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na khanga zilipofika dukani foleni ilianza kabla ya jua. Katika miaka ile kila mama alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kutunza. Kola ya shati ikilika, ilifumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa tena upande mzima ukiwa juu. Shuka likichakaa katikati, lilikatwa kwa urefu, zile kingo mbili ambazo hazijalaliwa zikaunganishwa ziwe katikati, nalo likalala watu miaka mingine. Suruali ya baba ikawa kaptula ya mtoto, kwa maana mapaja na magoti huisha kabla ya kitambaa cha chini. Sweta likifumuka, uzi ulikunjwa upya ukawa kofia ya mtoto mchanga, na anayeijua baridi ya Ileje ya mwezi Juni na Julai anajua thamani ya kofia ile.

Khanga ilikuwa na maisha marefu kuliko yote. Ilianza ikiwa ya kutokea, ikawa ya kushindia, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa ngata ya kuwekea ndoo kichwani, na mwisho ikawa dekio. Mitumba ilipojaa katikati ya miaka ile ya 1980, watu wakiiita “kafa Ulaya” kana kwamba mwenyewe amefia huko, maarifa haya yakaanza kupungua, kwa kuwa ikawa rahisi kununua nyingine. Inafaa kuyarudisha. Wataalamu wa mazingira hukadiria kwamba fulana moja ya pamba hutumia maji yapatayo lita 2,700 tangu shambani hadi kiwandani. Kuitupa kwa sababu ya tundu moja la kwapani ni kutupa mto mdogo.

Yako maarifa mengine ambayo vijana wetu hawajafundishwa. Pamba hunyonya maji, kwa hiyo hufaa kwa nepi, taulo na dekio. Nguo za nailoni na polista hazinyonyi vizuri, na zikikutana na moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Usizitumie kamwe kushikia sufuria. Fulana iliyochoka ikikatwa mviringo kuanzia chini, bila kukatisha, hutoa kamba ndefu ya kusuka kizulia cha kufutia miguu mlangoni. Mguu wa suruali ya jinzi ukishonwa chini hutoa mfuko wa kubebea mahindi kwenda mashineni. Kabla ya kukata chochote, ng'oa vifungo na zipu.

Haya yote ni mema. Sasa tupime. Katika nyumba yako, nani anavaa kiraka?

Ziko nyumba ambamo mahubiri ya kubana matumizi huelekezwa kwa mtu mmoja tu. Baba ana suti ya Sabato na nyingine ya vikao. Mama ana khanga moja iliyofifia, naye huambiwa kwamba mke mwema wa Mithali 31 alikuwa hodari wa kutunza. Wanaosema hivyo hawakuisoma sura yote. Tazama utaratibu wa mafungu yale. Mstari wa 20 mwanamke yule anamnyoshea maskini mkono. Mstari wa 21 watu wa nyumbani mwake wote wamevikwa vizuri, baridi haiwatishi. Mstari wa 22 yeye mwenyewe amevaa kitani safi na zambarau. Mstari wa 23 ndipo mumewe anatajwa, akiwa amekaa malangoni pamoja na wazee. Katika nyumba ile hakuna aliyevaa matambara ili mwingine apendeze, na mwanamke aliyeshona hakujisahau wala hakusahauliwa.

Liko jambo jingine ambalo madarasa yetu huona haya kulitaja, lakini Ebed-meleki aliyetaja makwapa mbele ya watu thelathini anatufundisha kutoona haya. Wasichana wengi hutumia vitambaa wanapokuwa katika siku zao. Katika nyumba nyingi khanga inapochanwa, kipande kizuri huenda jikoni, kingine sakafuni, na binti huachiwa kilichobaki. Naye kwa aibu hukificha chini ya godoro kikiwa na unyevu, na unyevu huo humletea maradhi. Wazazi, geuzeni utaratibu. Kipande laini kuliko vyote cha pamba safi kiwe cha binti. Apewe sabuni na maji ya kutosha, na mahali penye jua pa kuanika bila kuchekwa, kisha apige pasi. Sakafu inaweza kungoja. Sakafu haina ngozi.

Dorkasi alikuwa anashona

Sasa twende kanisani. Katika kipindi kimoja cha Shule ya Sabato, tulipokuwa tukijadili Matendo 9, bibi mmoja aliinua mkono.

“Mwalimu, mwanangu, naomba kuuliza. Huyu Dorkasi wa kwenye Biblia, alikuwa anakusanya nguo au alikuwa anashona?”

“Shikamoo, bibi. Mstari wa 39 unasema wajane walionyesha nguo alizozishona.”

“Marahaba. Basi mbona sisi wa Dorkasi siku hizi tunakusanya tu?”

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza.

Wajane wa Yafa walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizitengeneza alipokuwa pamoja nao. Yeye alikaa nao. Ili kumshonea mtu nguo lazima ujue urefu wa mkono wake. Nguo zile hazikuwa masalio ya sanduku la Dorkasi. Zilikuwa saa zake, macho yake na sindano yake. Mwaka 1874, wanawake wachache wa kanisa letu huko Battle Creek, Michigan, walipoanzisha chama cha kusaidia maskini wakakiita kwa jina la Dorkasi, nao walikaa wakashona. Ellen White naye, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, alisisitiza kwamba msaada wa kweli ni ule unaomwezesha mhitaji kujisaidia mwenyewe.

Linganisha na jambo linalotokea katika makanisa mengi kabla ya makambi au mwisho wa mwaka. Tangazo hutolewa kwamba nguo zinakusanywa kwa ajili ya wahitaji. Mifuko inafika. Ndani yake mna shati lisilo na vifungo, sketi iliyokatika zipu, viatu viwili vya mguu mmoja. Mjane anaitwa mbele, anapewa, watu wanasema amina. Anafika nyumbani, anaufungua mfuko, anakuta kile ambacho sisi tungekikuta chini ya belo tukakiacha. Naye Sabato inayofuata hawezi kuivaa nguo ile, na asipoivaa, wataulizana kwa nini hana shukrani.

Malaki 1:8 inalo neno kwa watu waliomletea Bwana mnyama kipofu na kilema. Nabii aliwataka wampelekee liwali wao mnyama yule waone kama atakubali. Daudi naye, katika 2 Samweli 24:24, alikataa kumtolea Bwana sadaka ambayo haikumgharimu kitu. Nasi tunafundishwa katika Mathayo 25 kwamba nguo anayopewa aliye uchi, Kristo ndiye anayepewa. Basi kabla ya kuufunga mfuko, shika nguo hiyo, itandaze kitandani, ujiulize: mgeni wa heshima akifika leo amelowa mvua, nitampa hii abadilishe?

Ikiwa jibu ni hapana, usiitupe. Hapa ndipo maarifa ya nyumbani yanapoingia kazini. Itengeneze kwanza: tia vifungo, badili zipu, ifue, ipige pasi, ndipo uipeleke. Ikiwa haitengenezeki, ibaki nyumbani kwako iwe dekio, ngata au kizulia. Nguo kuukuu itumike kwetu, ili fedha ambayo ingenunua dekio jipya imnunulie mjane kitambaa. Huo ndio mpango: kilichochakaa kitutumikie sisi, kilicho kizima kimwendee mwenzetu. Yohana Mbatizaji, katika Luka 3:11, alimwagiza mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Hakusema ampe ile iliyochanika.

Majibu kwa wanaouliza

Mtu mmoja atasema: “Hayo ni mambo ya wenye kanzu mbili. Mimi nina moja.” Ni hoja ya haki. Umaskini si fadhila, na haifai mtu mwenye kabati lililojaa kumhubiria mwenye khanga moja habari za kutunza. Torati ilijua hivyo. Kutoka 22:26, 27 inaagiza kwamba mtu akichukua vazi la jirani yake kuwa rehani, alirudishe kabla jua halijachwa, kwa sababu ndilo la pekee la kujifunikia. Kwa mtu huyo neno la Mungu si “tunza zaidi”, bali ahadi kwamba Bwana atamsikia akilia. Mwenye deni katika aya ile ni yule aliyelishika vazi.

Mwingine atauliza: “Je, si afadhali nguo mbovu kuliko kukosa kabisa? Mtu mwenye baridi hachagui.” Nyumba ikiungua usiku, ndiyo, toa blanketi lolote ulilo nalo, hata lenye matundu, maana usiku ule wote mnashiriki baridi moja. Lakini usiutumie usiku wa moto kuwa kanuni ya mwaka mzima. Angalia tena pale shimoni. Ebed-meleki hakumpelekea Yeremia matambara ili ayavae, wala hakumwacha matopeni akiwa na matambara hayo na baraka zake. Aliyatumia kumtoa. Tambara lilikuwa njia, na mtu ndiye aliyekuwa lengo. Nasi tuulize kila mara kama msaada wetu unamtoa mtu shimoni, au unampamba tu akiwa bado humo. Kumfundisha binti wa mjane kutumia cherehani, au kumkopesha cherehani ya kanisa siku tatu kwa juma, kunaweza kufanya kazi kuliko mifuko kumi.

Wa tatu atauliza habari za marhamu: “Kama kutunza ni kwema, mbona Bwana alimsifu Mariamu?” Weka Yohana 6 na Yohana 12 pamoja. Bwana yuleyule aliagiza makombo yaokotwe, na Bwana yuleyule akapokea dinari mia tatu zikimiminwa miguuni pake mara moja. Hakujipinga. Makombo hukusanywa ili siku ya upendo ikifika pawe na cha kumimina. Anayekusanya makombo na asimimine kamwe amejifunza nusu ya somo, na nusu hiyo hata Yuda alikuwa nayo.

Aliyevaa kiraka chetu

Baada ya dhambi, Adamu na mkewe walijishonea majani ya mtini. Mwanzo 3:21 inasema Bwana Mungu aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Hilo ndilo vazi la kwanza linalotajwa kutolewa na mtu kwa mwingine, na aliyelitoa ni Mungu, na waliopewa walikuwa wakosaji. Hayakuwa masalio. Kuna kiumbe aliyekufa ili wao wavae.

Zekaria 3 inamwonyesha Yoshua kuhani mkuu akisimama mbele ya malaika amevaa nguo chafu sana. Agizo lililotoka halikuwa kutia viraka. Nguo zile zilivuliwa, akavikwa nyingine safi. Na pale Golgotha, askari waligawana mavazi ya Bwana wetu, wakapigia kura kanzu yake iliyofumwa bila mshono. Yeye alibaki uchi mbele ya watu ili sisi tusimame tumevikwa mbele za Baba. Paulo anaieleza biashara hiyo katika 2 Wakorintho 8:9: aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu, ili sisi tupate kuwa matajiri kwa umaskini wake. Na sura ile, ukiisoma yote, inahusu mchango wa kanisa kwa ajili ya wahitaji.

Kwa hiyo tukiuliza nani anavaa kiraka, jibu la Injili liko wazi. Aliyekuwa na vazi zuri kuliko wote alilivua. Anayeufuata mwenendo huo atashona, atageuza, atatia viraka na ataokota makombo kwa furaha. Juma hili lifungue sanduku lako la nguo. Toa moja ambayo bado unaipenda, ifue, ipige pasi, uipeleke kwa mkono wako mwenyewe, usiku kama ni lazima, bila tangazo.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yako, nguo mpya inaponunuliwa, huwa ni ya nani mara nyingi? Inaponyofolewa bajeti, hunyofolewa kwa nani? Jadilini kwa upole, wake kwa waume.

2. Soma Matendo 9:36–42. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kukusanya nguo na kumshonea mtu? Kanisa lenu linaweza kufanya nini, kwa vifaa lilivyo navyo, kurudia kazi ya Dorkasi?

3. Ebed-meleki alifikiri juu ya ngozi ya Yeremia. Taja msaada mmoja unaotolewa kanisani kwenu ambao unamwokoa mtu lakini kamba yake inamkata. Ni “tambara” gani linaloweza kuwekwa katikati?

4. Wazee wa darasa wafundishe: ni maarifa gani ya kutunza nguo waliyoyajua zamani ambayo vijana hawayajui? Pangeni siku ya kuyafundisha, kwa wavulana na wasichana.

5. Je, mtu anaweza kubana matumizi kwa ajili ya kazi ya Mungu na bado akawa mchoyo? Tumia Yohana 12:4–6 kujibu.